Suti ya jina kubwa, tuifungue tuone ndani

Juzi kaka mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, kaja ofisini na makoti mawili kwenye mfuko mmoja. La kwanza kanunua Dubai, jina kubwa, ile lebo ndogo ya kwenye mkono bado iko palepale (hiyo lebo inatolewa jamani, imeshikizwa kwa nyuzi chache tu ili ionekane dukani, ukifika nyumbani fumua). La pili kaliokota mtumba pale Karume Ilala, lebo ilishakatwa, hata halijulikani limetoka nchi gani. Anataka yote yapunguzwe kiuno. Akaniambia fundi hilo la Dubai kuwa nalo makini, lina hela ndefu. Nikayalaza mezani, nikayapapasa kifuani moja baada ya lingine, nikamwambia kaka hebu vuta kiti nikuonyeshe kitu.

Koti la Dubai lilikuwa limeota malengelenge. Ukiliangalia kwa mbali huoni, ila ukilisogeza dirishani mwanga ukapita kwa ubavu unaona kifuani kitambaa kimevimba vimba, vidogo kama pele. Mi nashona na kurekebisha suti huku Magomeni mwaka wa 19 sasa na hayo malengelenge nayajua. Koti lolote la suti lina kitu katikati ya kitambaa cha nje na bitana, ndo kinachofanya kifua kisimame kisilegee kama shati. Hicho kitu kinaweza kuwa gamu, yaani kitambaa chenye gundi kinachobandikwa kwa mashine ya joto, dakika chache kazi imeisha. Au kinaweza kuwa kanvasi, kitambaa cha sufu kilichofumwa pamoja na singa za farasi, na kanvasi haibandikwi, inashonwa, inabaki inacheza yenyewe ndani na kadiri unavyolivaa koti ndo inazidi kushika umbo la kifua chako. Gamu ikipigwa pasi ya moto sana, au dobi akaliloweka, gundi inaachia sehemu sehemu na hapo ndo malengelenge yanatoka, na yakishatoka hakuna fundi wa kuyarudisha ndani yakatulia.

Sa lile la mtumba. Nilipindua kola, zile kola pana za kifuani, kwa upande wa chini ukiangalia kwa karibu unaona vitone vitone, vishimo vidogo mistari kwa mistari mahali uzi umevuta kitambaa kidogo tu. Hiyo ni sindano, kuna mtu au mashine maalumu imeshona kanvasi kwenye kola hatua kwa hatua, ndo maana kola yenyewe inajikunja taratibu kama jani la mgomba, haijalala bapa kama imekanyagwa. Koti la pale Karume lilikuwa na kifua cha kanvasi mpaka chini, la Dubai gamu tupu.

Na hii unaweza kuipima mwenyewe dukani, huhitaji kulifumua. Shika koti chini kidogo ya tundu la kifungo cha mwisho, kitambaa cha nje kwa vidole viwili na cha ndani kwa vidole viwili, alafu vivute vitengane na uvisugue taratibu. Ukisikia kuna tabaka la tatu linaelea katikati, hiyo kanvasi imefika mpaka chini. Ukisikia mawili tu na la nje ni gumu gumu, hapo chini kuna gamu, sa panda kifuani urudie, maana kuna makoti ya nusu kanvasi, juu imeshonwa chini imebandikwa, na hayo mi sina ugomvi nayo hata kidogo, kwa mtu wa kuvaa suti mara mbili tatu kwa wiki ni koti zuri sana.

Ndo maana mtu akiniuliza suti za majina makubwa zina thamani ya hiyo hela, nami namuuliza jina gani na laini gani? Sababu jina moja linaweza kukaa kwenye nguo ambazo hazina undugu. Giorgio Armani alianzisha kampuni yake 1975 na ndiye aliyewafundisha watu kuvaa koti lililotolewa mapedi na ugumu wa ndani, lakini leo koti la Giorgio Armani, la Emporio Armani na la Armani Exchange ni vitu vitatu tofauti kwa kitambaa, kwa ushonaji na kwa bei, na mtu wa mtaani anaona Armani tu. Pierre Cardin ndo kabisa, huyu mzee wa Ufaransa aliyefariki 2020 alikodisha jina lake kwa mamia ya bidhaa, mikanda, kalamu, pochi, mashati, kwa hiyo ukiona hilo jina kwenye shati, ubora wa shati umetoka kwa kiwanda kilichokodi jina, siyo kwenye meza ya Cardin.

Alafu kuna wale ambao kazi ipo kweli na lazima niseme. Brioni walianza Roma 1945, Kiton walianza 1968 pale Arzano jirani na Napoli, Zegna wako tangu 1910 na wanafuma kitambaa chao wenyewe. Nimewahi kufungua Kiton moja kubadilisha bitana, nikakaa nayo siku nzima nikiiangalia tu, mkono umeunganishwa na bega kwa sindano ya mkono, matundu ya vifungo ya mkono, bitana ya mkono. Hapo unalipia saa za watu. Ila suti hiyo inaanzia maelfu ya dola, na wateja wengi hawanunui hizo, wananunua zile za katikati, bei iko juu, jina linajulikana, ndani gamu. Hizo ndo zinaniuma, maana hela nyingi imekwenda kwenye jina na mteja hajui.

Kuhusu kukukaa mwilini, hapo jina halisaidii kitu. Saizi 50 ya Italia ni sawa na 40 ya Uingereza, unatoa 10 tu, kifua cha sentimita 100. Ukinunua suti ya pamoja, koti na suruali yake, yenye kile wanachoita dropu 6, yaani nusu ya kiuno ni pungufu kwa 6 kuliko nusu ya kifua, basi 50 toa 6 ni 44, mara mbili, suruali yake ni kiuno cha 88. Sa mi kwa tepu yangu hapa napima wazee wa miaka 50 kifua 104 kiuno 102, huyo mzee hata apewe suti ya mfalme suruali haifungi. Kijana wa mazoezi naye kifua 108 kiuno 80, koti linamuenea mabegani huku tumboni limeachia kama kanzu. Mchoro wa kampuni umechorwa kwa mwili fulani, kama siyo wako basi utakuja kwa fundi tu.

Na fundi ana mwisho wake. Kiuno cha koti napunguza, urefu wa mkono napunguza (kama matundu ya vifungo vya mkononi hayajakatwa, yakishakatwa ni lazima niupandishe mkono kutokea begani na hiyo ni kazi nyingine na bei nyingine). Suruali naachia kama nyuma wameacha kitambaa cha kutosha, na hapa ndo unaona nguo iliyoshonwa kwa heshima, nzuri zinaachwa sentimita 3 mpaka 4 kwenye mshono wa nyuma, za haraka haraka unakuta 1 basi. Ila bega usiniletee. Bega likizidi au likibana, na kwapa likikatwa chini sana mpaka ukinyanyua mkono koti zima linapanda, acha hapohapo dukani hata kama wanakupa nusu bei.

Kingine ni joto letu. Muuzaji atakuringishia Super 150, na hiyo namba ni wembamba wa unyoya wa sufu, Super 100 mwisho wake maikroni 18.75 (maikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu) na Super 150 ni 16.25, basi, haisemi itadumu. Kwa Dar, ya daladala na kiti cha gari cha moto, Super 150 inakunjamana na kung'aa makalioni mapema. Chukua Super 100 au 110 yenye uzi uliosokotwa sana, ukiikunja kwenye ngumi na kuiachia inarudi. Na bitana iwe nusu mgongo, ikiwezekana kupro, inatengenezwa kutokana na pamba na inapitisha jasho, siyo poliesta.

Sisemi kila mtu aje kushonesha, mafundi wengi tu huku nasi tunabandika gamu, kanvasi nzuri kuipata Kariakoo ni kazi na wateja hawaulizi. Uliza. Mwambie fundi nionyeshe unachoweka kifuani kabla hujakata kitambaa.

Yule kaka lile la mtumba nilimpunguzia kiuno na urefu wa mikono, akaenda nalo kwenye sendofu ya mdogo wake Jumamosi, picha alinitumia, kola imekaa shingoni haijaachia hata kidole. La Dubai nilimrudishia bila kuligusa, nikamwambia hela ya kulipunguza aiweke anunue kitambaa.