Imeli yenye faili kubwa inagoma? Jua kwanza imekwamia wapi

Mwisho wa mwezi simu huwa ni ile ile: "Kaka, imeli yangu inarudi, na faili lenyewe ni MB 8 tu, wao wamesema wanapokea mpaka MB 10." Hadanganyi. Ila ukimuuliza utakuta keshabadilisha jina la faili, kazima kompyuta kawasha, katuma tena na tena, kila kitu kafanya isipokuwa kusoma ile imeli iliyorudi. Mimi nashinda kwenye seva za imeli za ofisi ndogo ndogo, na nakwambia kabla hujaanza kukatakata faili jua kwanza limekwamia wapi, kwako, kwenye seva yenu, au kule linakokwenda, maana dawa zake hazifanani.

Hiyo MB 8 kwanza. Imeli tangu zamani ilitengenezwa kubeba herufi tu, atachimenti zikaja kupewa utaratibu wake baadaye, MIME ya mwaka 1992, na mpaka leo faili lako likiondoka linageuzwa kuwa herufi kwa njia inaitwa base64: kila baiti 3 zinatoka herufi 4, na kila baada ya herufi 76 kunawekwa alama za kukata mstari. Jumla yake faili linanenepa kama asilimia 37 hivi. Kwa hiyo MB 8 ikifika njiani ni karibu MB 11, na seva yenye kikomo cha MB 10 inaipima hiyo 11, haina habari na ile 8 unayoiona kwenye folda. Mimi napiga hesabu ya haraka, kikomo mara 0.73. Ukiambiwa 10, tuma 7. Na hiyo 10 iko sehemu nyingi kuliko unavyodhani, maana Postfix, programu ya kuendeshea seva za imeli, ikisetiwa bila kuguswa inakuja na baiti 10240000, na Exchange, ile ya Microsoft, ya kujiwekea ofisini nayo inakuja na MB 10, ambapo wasimamizi wengi wanaiacha hivyo hivyo. Wewe unaweza ukawa na Gmail ya MB 25, haikusaidii kitu, kinachoamua ni mlango mwembamba kuliko yote njiani.

Sasa soma iliyorudi. Ile imeli ya Mailer-Daemon watu wanaifuta wakidhani ni virusi, kumbe ndo yenye majibu. Tafuta mstari kama huu: "message size 11493120 exceeds size limit 10240000 of server", na mbele yake jina la seva. Jina likiwa la wenzako, kikomo ni chao, we punguza mzigo. Likiwa la kwenu, mpigie anayewahosti. Tarakimu tatu zenye nukta ndani ya imeli hiyo nazo zinaongea: 5.3.4 na 5.2.3 ni ukubwa, 5.2.2 ni boksi la mwenzako limejaa (akiwa na akaunti ya bure ya Google zile GB 15 zinagawanwa na Drive pamoja na picha zake, kwa hiyo video za harusi zinaweza kuzuia invoisi yako), na ukiona inayoanza na 5.7 hapo siyo ukubwa tena, ni usalama. Gmail kwa mfano hawapokei .exe wala .js hata ukificha ndani ya zipu. Namba hiyo ikianza na 4 tulia, seva itajaribu tena yenyewe.

Kama hamna kilichorudi na imeli bado iko Autoboksi (Outbox, folda ya zinazosubiri kutoka), basi haijatoka hata nyumbani. Hapa tatizo ni spidi ya kupandisha, na watu wananionyesha spidi ya kushusha, "mbona YouTube inacheza fresh". Faili la MB 20 linakuwa 27, ukiwa na Mbps 1 ya kupandisha hiyo ni kama dakika 4, wakati Outlook ya kwenye kompyuta kwa akaunti hizi za POP na IMAP (POP inashusha imeli kwenye kompyuta, IMAP inaziacha kwenye seva) imewekewa kusubiri seva ijibu dakika 1 tu. Iongeze, inafika mpaka 10. Na kuna kituko kingine, faili linafika lote lakini jibu la seva linachelewa, Outlook inadhani imeshindwa inatuma upya, mteja anapokea ile ile mara tano anakupigia kwa hasira wakati kwako bado inaandika inatuma. Ikikwama hivyo weka Outlook ofulaini, ihamishie Drafti, maana inaweza kushikilia na za nyuma yake.

Halafu wale wa IMAP wenye bando la kuhesabu: programu nyingi zinapandisha faili mara mbili, mara ya kwanza kulituma, mara ya pili kuweka kopi kwenye Sent. Ndo maana Thunderbird, programu nyingine ya imeli, inaweza kukwama kwenye kukopi wakati mwenzako keshapata na anasoma.

Kupunguza sasa. Zipu kwa picha za JPEG, video, na hata docx ni kujisumbua, hivyo vyote vimeshabanwa tayari, utaokoa kiduchu. Mara nyingi mchawi ni skana. Mtu kaiacha kwenye rangi na dpi 600 (nukta kwa kila inchi), na ukurasa mmoja wa A4 kabla ya kubanwa unabeba zaidi ya MB 100, ukishusha mpaka dpi 300 unakuwa kama 26, na ukiweka dpi 200 ya kijivu hauzidi 4. Barua yenye mhuri inasomeka vizuri tu kwa 200. Rudia kuskani, usihangaike na tovuti za kubana PDF, hasa kama ni mishahara ya watu, unampandishia nani hayo?

Ikibaki kubwa tuma linki. Gmail ukizidisha 25 inakuwekea ya Drive yenyewe, ila angalia ruhusa, maana bosi wa watu kubonyeza akaambiwa aombe ruhusa saa kumi na moja jioni siku ya mwisho ya tenda siyo mchezo. Ifungue kwanza kwenye dirisha la siri la brauza, ikikuomba kuingia na yeye itamwomba. Kwa nyaraka nyeti usiachie "yeyote mwenye linki", andika imeli yake kabisa. Na ofisi nyingine, benki hasa, zinazuia Drive moja kwa moja, hao waulize mapema wanatumia mfumo gani kupokea, siyo siku ya mwisho.