Oppa si mpenzi

Juzi mdogo wangu wa kiume alianza kuangalia Crash Landing on You, tamthilia ya Korea Kusini ya 2019 ambayo wenzake walishaimaliza zamani. Episodi ya kwanza: Yoon Se-ri, tajiri wa Seoul, amebebwa na kimbunga akiwa kwenye parachuti, ananing'inia mtini upande wa Korea Kaskazini. Kepteni Ri anatokea na bunduki. Kijana akaruka kwenye kochi: "Oppa kaingia!"

Nikasimamisha picha. Nimechoka.

Oppa, kwa Kikorea, ni kaka mkubwa, kinywani mwa mwanamke. Huanzia kwa kaka wa tumbo moja, likatanuka hadi kwa binamu, rafiki wa kiume aliyemzidi umri msemaji, na mpenzi, ikiwa naye ni mkubwa. Mwanamume hana oppa. Kaka yake mkubwa ni hyung na dada yake mkubwa ni noona. Dada mkubwa wa mwanamke ni unnie. Maneno manne, pale ambapo sisi tuna kaka na dada tu.

Ila hatukuwa hivi siku zote. Kiswahili cha wazee kilikuwa na umbu: ndugu wa jinsia nyingine. Mwanamume alimwita dada yake umbu, na dada aliweza kumwita kaka yake vivyo hivyo. Ndugu wawili wa kiume hawakuitana umbu hata siku moja. Yaani neno lilimtazama anayesema, si anayeitwa peke yake. Leo limelala kwenye kamusi, na masikio yetu yamesahau hesabu hiyo. Oppa lina hesabu ya namna hiyo, likaongeza umri juu yake. Ukoo wake ni mmoja na orabeoni, umbo la heshima utakalolisikia kwenye tamthilia za enzi za wafalme, mabinti wakiwaita kaka zao.

Kinachoniudhi zaidi ni wale wanaotafsiri kwa sauti juu ya picha. Kila oppa wanaigeuza "mpenzi". Mchezo wanauua palepale. Episodi ya kwanza wahusika huitana kwa vyeo: bosi, mkurugenzi, kepteni. Binti akianza na oppa mapema, jamaa huyo huenda ni kaka yake kweli, au wamekua pamoja na hatampata. Akihama kutoka cheo kwenda oppa episodi ya tisa, Mkorea sebuleni kwake anajua kuna kitu kimesogea. Wewe uliyesikia "mpenzi" tangu mwanzo umesikia nini? Halafu kwetu mambo ni kinyume: msichana akikuita "kaka yangu", funga mizigo uondoke. Kule neno la ndugu linaweza kuwa ndilo linalofungua mlango. Ndiyo maana "kaka" halitoshi, na "mpenzi" linazidi.

Mdogo wangu hakukubali. "Mbona Psy ni mwanaume na anaimba oppa?" Swali zuri. Katika Gangnam Style, wimbo wa 2012, mwanamuziki huyo wa Korea Kusini anasema oppan, yaani oppa pamoja na kiambishi kilichofupishwa kinachoonyesha anayezungumziwa. Anajitaja kwa jina ambalo angependa wasichana wamwite, kama baba anavyomwambia mwanawe "baba anakuja sasa hivi". Hamwiti mwanamume mwingine.

Na kwa Kepteni Ri kosa lilikuwa mara mbili. Askari wake wanamwita kwa cheo na dongji, ambalo ni ndugu, ndugu ile ya chama. Waliokulia enzi za Ndugu Mwenyekiti hawahitaji maelezo. Wakuu wa Pyongyang, mji mkuu wa Kaskazini, wameliona oppa la kutania kama uchafu wa Kusini kiasi kwamba sheria ya lugha ya 2023 inakataza kumwita hivyo kijana asiye wa damu yako. Upendo wa kwenye skrini umekuwa kesi.

"Basi nimwite nani?" akauliza, rimoti mkononi.

Hyun Bin, anayeigiza kepteni, alizaliwa 1982. Wewe ni wa 1999, kwa hiyo kwako ni hyung. Mimi dada yako ni wa 1980, kwa hiyo hata mimi siwezi kumwita oppa. Bonyeza, tuendelee.