Familia ya pembe: dhana inayoamua picha ya bastola itatokaje

Bastola ya chuma ikiwekwa mezani na kupigwa kwa flashi ya kamera, picha hutoka kwa namna moja kati ya mbili. Ama linaonekana gimba jeusi lisilo na kingo, ama doa jeupe linachoma katikati ya chuma na maandishi yote yanapotea. Mpiga picha anaongeza taa ya pili, doa linakuwa mawili. Anaizima, gimba linarudi. Mwanga ulikuwa wa kutosha tangu mwanzo, ila taa ilisimama mahali pasipofaa.

Mahali panapofaa hapabahatishwi. Panaweza kutafutwa na kupatikana, na wapiga picha wa vitu tuli wana jina lake: familia ya pembe. Huko Marekani, ambako bastola za zamani hukusanywa, hupigwa mnada na kuwekwa kwenye makumbusho kama lile la silaha la Cody, Wyoming, picha nzuri ya bastola huanzia kwenye dhana hii hata pale mpiga picha hajawahi kulisikia jina lake.

Tuanze na tabia mbili za mwanga. Karatasi, kitambaa na mbao isiyopakwa vanishi hupokea mwanga na kuutawanya kila upande. Ndiyo maana karatasi nyeupe huonekana nyeupe popote utakapoiweka taa. Chuma kilichong'arishwa hakifanyi hivyo. Mwanga unaokigonga kwa pembe fulani huondoka kwa pembe ileile kuelekea upande wa pili, kama ilivyo kwa kioo. Kwa hiyo, kamera ikishasimama mahali pake, kila nukta ya chuma inaweza kurudisha kwenye lenzi mwanga kutoka sehemu moja tu ya chumba. Kusanya sehemu hizo zote, za kila nukta inayoonekana, nawe utapata eneo fulani juu ya meza, nyuma yake au pembeni. Eneo hilo ndilo familia ya pembe.

Kilichomo ndani ya eneo hilo ndicho kitakachoonekana juu ya chuma. Pakiwa na karatasi nyeupe iliyoangazwa, chuma kitang'aa sawasawa. Pakiwa na ukuta wenye kivuli, chuma kitakuwa cheusi. Taa iliyo nje ya eneo hilo, hata iwe kali kiasi gani, haitaugusa uso bapa wa chuma machoni pa kamera, ingawa mpini wa mbao utawaka. Kwa maneno mengine, anayepiga picha chuma anapiga picha ya vile vinavyojiakisi juu ya chuma. Binafsi naona hili ndilo jambo la kwanza la kumfundisha mwanafunzi, kabla ya kumweleza habari za kamera ghali na lenzi ghali.

Tuchukue bastola moja inayojulikana, Colt M1911, iliyobuniwa na John Moses Browning na kuchukuliwa na jeshi la Marekani mwaka 1911. Ina urefu wa sentimita 21.6 hivi. Sehemu yake ya juu, slaidi, ile inayorudi nyuma risasi inapofyatuka, ina pande mbili bapa na mgongo wa mviringo. Mpini wake umefunikwa vibao vya mti wa walnati vilivyochongwa miraba midogo. Zile za mwanzo kabisa zilisuguliwa hadi kung'aa, kisha chuma chake kikatiwa buluu, yaani uso wake ukapewa tabaka jembamba la oksidi lenye weusi unaoelekea buluu. Rangi hiyo ndiyo wakusanyaji wanayoililia, na ndiyo inayopotea kwanza pichani.

Watu wengi huilaza bastola hiyo mezani na kuiweka kamera juu yake wima kabisa. Ubavu bapa wa slaidi unatazama juu, na kilichopo juu ni kamera yenyewe. Basi chuma kinaakisi kamera, mikono ya mpiga picha na dari lenye kiza, na buluu yote inazama. Dawa yake ni ndogo: sogeza kamera kutoka kwenye wima kwa digrii 20 hivi kuelekea upande wako, halafu weka paneli nyeupe upande wa pili, nayo iwe digrii 20 kutoka kwenye wima. Paneli inaweza kuwa softboksi (kisanduku cha kitambaa cheupe kinachovishwa taa ili kulainisha mwanga), shuka jeupe lililotandazwa kwenye fremu, au karatasi ya kupitisha mwanga inayotumiwa na wachora ramani, huku taa ikiwa nyuma yake.

Paneli iwe kubwa kiasi gani? Hesabu inakubali kufanywa kwa kichwa. Kamera ikiwa mita 1.5 kutoka kwenye bastola na paneli ikiwa nusu mita, ubavu bapa wenye urefu wa bastola nzima utaakisi eneo la sentimita kama 29 tu. Paneli ya sentimita 60 kwa 90 inalifunika na kubakiza nafasi pembezoni. Ukiirudisha paneli hadi mita 1.5, eneo linaloakisiwa linafika sentimita 43, na ukingo wa paneli unaanza kukaribia. Ndiyo sababu wazoefu huileta paneli karibu mno, kiasi kwamba inakaribia kuingia kwenye fremu.

Asiyependa hesabu na atumie kioo kidogo cha mkononi. Kilaze juu ya slaidi, kikifuata mlalo uleule wa chuma, kisha tazama kupitia kamera. Unachokiona ndani ya kioo ndicho chuma kitakachokiakisi. Ukiona paneli, umefika. Ukiona rafu ya vitabu, isogeze paneli mpaka iifunike. Au zima taa zote, shika tochi palepale penye lenzi, mulika kile kioo, na utazame doa la mwanga linaangukia wapi: hapo ndipo paneli inapotakiwa. Jaribio hili halichukui muda, nalo linaokoa saa nzima ya kuhangaika na taa huku na kule.

Lakini ukishaijaza familia ya pembe kwa mwanga mweupe sawasawa, utaona kasoro nyingine. Slaidi imekuwa kijivu tupu, bapa, haina uhai. Buluu nzito inahitaji kufifia polepole, kutoka kwenye mng'ao hadi kwenye giza, ili jicho lihisi uzito wa chuma. Hapa ndipo ustadi ulipo. Badala ya taa kuangaza paneli nzima, isogeze karibu na karatasi, na uielekeze kwenye pembe moja tu. Karatasi itakuwa na mwanga mkali upande mmoja, ukififia kuelekea mwingine, na chuma kitauiga mfifio huo bila kupunguza wala kuongeza. Sogeza taa sentimita kumi nyuma, mfifio unakuwa mpana. Ilete mbele, unakuwa mkali. Mtu anaweza kukaa na hatua hii moja hadi kahawa ipoe, na ni haki yake.

Sehemu za mviringo zina kawaida yake. Mgongo wa slaidi, au mtutu na silinda ya rivolva kama Colt Single Action Army ya mwaka 1873, huakisi karibu chumba kizima kwa wakati mmoja, kwa kuwa kila ukanda wa mviringo umegeukia upande wake. Familia yake ya pembe ni pana mno kufunikwa na paneli moja. Matokeo yake ni mistari: mstari mweupe wa paneli, mstari mweusi wa kiza, mstari wa dirisha lililosahaulika, na wakati mwingine shati la mpiga picha. Usiipige vita mistari, ichague. Mstari mmoja mrefu usiokatika kwenye mtutu wote humwambia mtazamaji kwamba kitu hiki ni cha mviringo. Kadibodi nyeusi ikisimamishwa pembeni huchora ukingo mweusi kwenye chuma cha nikeli ambacho vinginevyo kingeyeyukia kwenye mandharinyuma meupe. Na vaa nguo nyeusi, hilo si pambo.

Maandishi yaliyochorwa kwenye chuma ndiyo hati ya kuzaliwa ya bastola, na mnunuzi wa mnadani atayatafuta kabla ya chochote. Yanasomeka kwa njia mbili, zote zikitoka kwenye dhana yetu. Ya kwanza, uso bapa ung'ae kwa kuakisi paneli. Kuta za herufi zimegeukia kwingine, hivyo zinakuwa nyeusi, na maneno MODEL OF 1911 U.S. ARMY yanasimama kama wino. Ya pili, ondoa paneli ili uso uwe mweusi, kisha leta taa ndogo kutoka chini pembeni, karibu usawa wa meza: sasa kingo za herufi ndizo zinazonasa mwanga. Mimi huipenda ya kwanza kwa chuma cha buluu, kwa sababu rangi nayo inabaki. Ya pili inafaa maandishi yaliyosuguliwa na miaka hadi karibu kufutika.

Si kila bastola inang'aa. M1911A1 nyingi za Vita vya Pili vya Dunia zilipewa uso wa fosfeti, wa kijivu na usio na mng'ao, ambao hutawanya mwanga karibu kama karatasi. Hapo taa ya pembeni inatosha na familia ya pembe inapungua umuhimu. Glock 17, iliyotoka Austria mwanzoni mwa miaka ya 1980, ina fremu ya plastiki ngumu nyeusi. Plastiki hutoa mng'ao wa kijivu unaofuta weusi wake, lakini mng'ao huo unaweza kukatwa na kichujio cha polaraiza, kioo kinachozuia sehemu ya mwanga unaoakisiwa, kikizungushwa mbele ya lenzi, hasa kamera ikiwa inautazama uso wa plastiki kwa digrii 35 hivi kutoka kwenye uso wenyewe, si kutoka kwenye wima. Kichujio hichohicho hakina nguvu hiyo juu ya chuma kitupu wala nikeli. Watu hukinunua wakitumaini kitaondoa doa jeupe kwenye slaidi, kisha wanakilaumu bure.

Kabla ya kugusa mpangilio, kuna la kufanya kwanza bila mjadala: toa magazini, vuta slaidi, tazama chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kwa macho na uiguse kwa kidole, na risasi hai zitoke kabisa kwenye chumba cha kupigia picha. Kama picha inataka risasi, zitumike za mfano zisizo na baruti. Kwetu Afrika Mashariki silaha ni ya mwenye kibali, na wengi wetu hatuna. Dhana hii hujifunzwa vilevile kwa spana, kwa mkasi wa fundi cherehani, au kwa ala ya fedha ya jambia la Kiomani, ambayo ina michoro migumu kuangaza kuliko slaidi yoyote.

Katika mpangilio, swali la kwanza ni mdomo wa mtutu unatazama wapi. Ukimtazama mtazamaji, picha inakuwa ya tishio na jicho haliondoki kwenye lile tundu. Chuma, mbao na ufundi wote unasahaulika. Ugeuze ubavu au robo tatu, na uache nafasi tupu zaidi upande wa mdomo kuliko upande wa mpini, la sivyo bastola itaonekana imebanwa kwenye ukingo wa fremu. Katalogi za mnada hupiga ubavu wa kulia na wa kushoto, zikiwa sawa, kwa sababu mnunuzi anataka ushahidi. Picha ya ukutani ina uhuru wa kuiinamisha bastola kwenye mshazari.

Vifaa vya kuandamana nayo viwe na undugu nayo. Mfuko wa ngozi wa enzi zake, risasi mbili tatu za mfano za shaba, kipande cha mbao kilichochakaa. Ngozi na mbao hutawanya mwanga, hivyo hukipa chuma kitu cha kushindana nacho. Noti za dola na maua mekundu niachie nje, hayo ni mabango ya sinema.

Umbali wa kamera nao hubadilisha umbo. Simu ikisogezwa sentimita 20 kutoka kwenye mdomo wa mtutu, mdomo unavimba na mpini unasinyaa. Rudi nyuma mita moja na nusu, tumia lenzi ya milimita 85 hadi 105, au kwenye simu ile kamera ya kuvuta mbali. Tundu la lenzi liwe f/8 hadi f/11; namba ikikua, tundu linabana. Ukibana kupita f/16 ukali wa picha unaanza kupungua. Ukitaka bastola nzima ionekane kali, bora upige picha kadhaa ukisogeza fokasi na kuziunganisha kwenye programu. Bastola nyeusi juu ya mahameli nyeusi humdanganya kipima mwanga, ambaye atataka kila kitu kiwe kijivu, kwa hiyo punguza mwanga kwa stopu moja au mbili (kila stopu huupunguza kwa nusu).

Na ifute kabla ya kila picha, ukiwa umevaa glavu za pamba. Mwanga uliopangwa vizuri namna hii huonyesha kila uzi wa vumbi na kila alama ya kidole, na jasho la kidole likiachwa kwenye chuma cha buluu huanzisha kutu.