Mkasi wa kushoto sio mkasi wa mwenye mashoto

Naomba tuliweke sawa hili maana sasa limezidi. Mtu anaenda duka la vifaa vya ujenzi anaomba mkasi wa bati wa kushoto, muuzaji anamwangalia mikono, "kwani wewe una mashoto?" Na huko saiti mambo ni yale yale, kijana anatumwa kuleta mkasi wa kulia kisa fundi wake anashika nyundo mkono wa kulia. Jamani sio hivyo.

Maana yenyewe fupi tu. Mkasi wa bati wa kushoto ni ule uliotengenezwa kukata kona inayopinda kushoto, wa kulia unapinda kulia, na kuna wa tatu wa kunyoosha, huo ni wa mstari ulionyooka na kona pana pana basi. Kushoto na kulia ni kule mkasi unakoelekea ukiwa umesimama nyuma yake unaangalia mbele. Mkono ulioushika haumo kwenye hiyo hesabu, mishikio ya mikasi hii mara nyingi iko sawa pande zote, mwenye mashoto anashika wowote na asiye na mashoto vile vile.

Kosa linakotoka napajua. Mafundi cherehani wanayo mikasi ya mashoto ya kweli, visu vimegeuzwa ili mshonaji auone mstari anaokata. Sawa, lakini kitambaa kinalegea bwana, ukipinda kinakupisha, bati halimpishi mtu. Jaribu kukata tundu dogo la duara kwa mkasi wa kunyoosha uone, kile kipande cha ndani kinagonga shingo ya mkasi, kinakwama, unaanza kukinyonga, na ukimaliza una tundu lenye pembe sita ambalo hakuna silikoni ya kulificha. Ndiyo maana taya za hii mikasi miwili, wa kushoto na wa kulia, zimepangwa kinyume, ilaze mezani pamoja utaona taya ya chini ya mmoja iko upande huu na ya mwingine iko upande ule. Kazi ya huo mpangilio ni kukisukuma kipande kikunjike na kitoke njiani wakati unapinda. Ukipinda upande usio wake unapigana na bati, na bati la geji 28 (geji ni kipimo cha unene wa bati) likikuchoka linakukata vidole, kwa hiyo glovu vaa.

Sasa rangi za mishikio. Mwekundu kushoto, kijani kulia, njano wa kunyoosha. Watu wanachagua kama wanachagua fulana ya timu. Hizo rangi ni utaratibu ambao watengenezaji wengi wanaufuata (wapo wachache wanaopaka wanavyotaka, kwa hiyo angalia na mshale kama umechorwa), na ukitaka kuzikumbuka mwangalie ndege usiku, bawa lake la kushoto lina taa nyekundu na la kulia kijani, meli nazo hivyo hivyo. Na lile neno Aviation kwenye pakiti wengi wanadhani ni jina la kampuni, kumbe ni kwa sababu mikasi ya aina hii ilianzia kwenye utengenezaji wa ndege, kukata mabamba ya aluminiamu. Ndiyo maana ina pini zaidi ya moja pale kwenye maungio, nguvu ya kiganja inazidishwa kabla haijafika kwenye taya.

Mfano wa kazi yenyewe: unapaua, kuna bomba la inchi 4 linatakiwa lipite juu ya bati. Unachora duara, unatoboa katikati kwa tindo au drili mpaka taya iingie, kisha na mwekundu unakata kwa kuzunguka kinyume na mshale wa saa, unapanuka taratibu mpaka unaufikia mstari, halafu unaufuata mpaka mwisho. Duara zima mkasi mmoja. Na ukikata usifunge taya mpaka ncha, acha kidogo, sukuma mbele, endelea, kwa sababu kila unapofunga kabisa unaacha kijino pembeni mwa mkato, ukipitisha kidole utakijua. Wa kijani unauhitaji pale unapobanwa, mfano uko kwenye ngazi huwezi kuzunguka na lazima uje kwa upande wa pili.

Najua kuna atakayesema si tukate na grainda tu tumalize. Kwa bati la rangi mimi sikubali, cheche zinaunguza rangi na zinki pembeni mwa mkato, na zile chembe za moto zinaganda juu ya bati, mvua ikinyesha zinaanza kutu zenyewe na mwenye nyumba anaanza kulaumu kiwanda.

Mkasi nao una kiwango chake. Wa kawaida umepimwa kukata chuma laini mpaka geji 18, kama milimita 1.2 hivi (na geji namba ikipanda bati linakuwa jembamba, hilo nalo linahitaji siku yake). Aluminiamu, shaba, risasi, mabati ya kuezekea, hapo uko salama kabisa. Msumari hapana, waya mgumu hapana, taya inapata pengo na kuanzia hapo kila mkato unabeba alama ya lile pengo.

Kwa hiyo ndugu zangu wa madukani, mteja akija na maneno ya kushoto na kulia muulize tu anakata kona inayopinda wapi. Na wewe unayemtuma kijana, mwambie "lete mwekundu", asiporudi na wa kijani mtakuwa mmeelewana.