Kabla hujanunua bodi nyingine ya CNC, pima

Wenye mashine ndogo za CNC za mezani (zinazoongozwa na kompyuta), zile za kuchonga mbao na akriliki au kuchoma picha kwa leza, mara nyingi hunitafuta wakati bodi ya pili imeshaagizwa. Ya kwanza "imekufa". Nikiuliza imekufaje, naambiwa mota inatetemeka bila kuzunguka, au kazi inaanza vizuri kisha mchoro unahama katikati, au mashine inasimama ghafla na kuandika ALARM. Hizo zote ni dalili za bodi iliyo hai. Bodi iliyokufa haikuandikii ALARM. Tatizo liko kwenye draiva (kipande kinachoipa mota mkondo wake), kwenye waya, kwenye swichi, au kwenye namba moja iliyoandikwa bila hesabu, na kila moja kati ya hayo linapimika kwa maltimita ya bei ya chini na dakika chache za utulivu.

Nazungumzia mfumo ulioenea sana kwa mafundi wa kujitegemea: bodi ya Arduino Uno chini, CNC Shield toleo la 3 juu yake (bodi inayobeba draiva na plagi), draiva ndogo tatu au nne za A4988 au DRV8825, na ndani programu ya GRBL, inayopokea amri za kompyuta na kuziendesha mota. GRBL ilianzishwa na Simen Svale Skogsrud wa Norwei mwaka 2009, kisha Sungeun Jeon akaibeba na kuiendeleza. Ni programu huria chini ya leseni ya GPL, ndiyo maana inakutwa hata kwenye mashine za 3018 zinazokuja zikiwa vipande ndani ya boksi. Inakaa kwenye chipu ya ATmega328P yenye kilobaiti 32 tu za kuhifadhi programu, na bado inaweza kutoa mapigo hadi 30,000 kwa sekunde. Mimi naiheshimu sana kazi hiyo, na nadhani inastahili kueleweka vizuri badala ya kubahatishwa.

Draiva kwanza

Kabla ya kugusa namba yoyote kwenye kompyuta, zima umeme na uangalie draiva zimekaaje. Kila draiva ina pini iliyoandikwa EN, na soketi ya Shield ina kona iliyoandikwa EN. Hizo mbili lazima zikutane. Usiongozwe na kile kiskrubu kidogo cha kurekebishia, maana kwenye A4988 kiko upande mmoja na kwenye DRV8825 kiko upande wa pili. Aliyezoea A4988 akibadilisha kwenda DRV8825 na kukipanga kiskrubu kielekee kulekule, ameigeuza draiva, na umeme ukiwashwa inaungua, wakati mwingine ikiondoka na Arduino.

Kisha pima mkondo. Hapa ndipo penye utamu wa kazi yenyewe, na ndipo wengi wanaporuka. Draiva haijui mota yako inahitaji ampea ngapi. Inaambiwa na volti ndogo iitwayo Vref, ambayo unaipanga kwa kuzungusha kile kiskrubu. Weka waya mweusi wa maltimita kwenye GND (hasi) ya bodi, na mwekundu uguse chuma cha kiskrubu. Namna nzuri zaidi ni kuubana waya mwekundu kwenye shingo ya bisibisi, ili usome volti huku unazungusha. Zungusha kidogo sana, subiri namba itulie, zungusha tena. Bisibisi isiteleze ikagusa pini za jirani.

Kwa A4988, Vref ni ampea unazotaka mara 8 mara rizista ya kupimia. Rizista hizo ni mbili, ziko karibu na chipu, nyeusi, na zimeandikwa juu: R100 ni omu 0.1, R068 ni omu 0.068, R050 ni omu 0.05. Tuseme mota yako ya NEMA 17 imeandikwa ampea 1.5 na wewe unataka kuiendesha kwa ampea 1, kiwango ambacho A4988 inakivumilia bila feni. Draiva yenye R100 inataka volti 0.8. Yenye R068 inataka 0.54. Yenye R050 inataka 0.4. Sasa fikiria mtu aliyesoma mahali kwamba "A4988 weka 0.8" na draiva zake ni za R050: amezipa mota zake ampea 2. Draiva inachemka, kinga yake ya joto inakata, inapoa, inarudi. Mota inapoteza hatua dakika ya kumi ya kazi, mchoro unahama, naye anailaumu GRBL.

Kwa DRV8825 hesabu ni rahisi zaidi: kwa draiva za kawaida zenye R100, Vref ni nusu ya ampea, kwa hiyo ampea 1 ni volti 0.5. Lakini kuna tofauti inayowachanganya watu. A4988 unaweza kuipima Vref kwa umeme wa USB peke yake, kwa kuwa volti hiyo inatokana na zile volti 5 za Arduino. DRV8825 inaitengeneza kutoka kwenye umeme wa mota, kwa hiyo pasipo kuwasha pawa saplai unasoma sifuri. Sifuri hiyo haimaanishi draiva mbovu.

Na ukishawasha pawa saplai, usichomoe wala kuchomeka waya wa mota. Mota iliyochomolewa ikiwa na mkondo ndani yake inarudisha volti kubwa kwenye draiva, na draiva inakufa papo hapo. Hili halina mjadala.

Mota inatetemeka tu

Mota inayotetemeka na kunguruma pasipo kuzunguka karibu kila mara ina koili zilizochanganywa. Mota ya hatua yenye nyaya 4 ina koili 2, kila koili nyaya 2. Pini za Shield zimepangwa hivi: mbili za mwanzo ni za koili moja, mbili za mwisho ni za koili nyingine. Usiamini rangi za nyaya. Kila kiwanda kina zake. Chomoa plagi (umeme ukiwa umezimwa), weka maltimita kwenye omu, tafuta jozi mbili zinazosomana. Huna maltimita karibu? Gusanisha nyaya mbili zozote na uzungushe shafti kwa vidole: ikigoma, hizo mbili ni za koili moja. Ikizunguka laini, jaribu nyingine.

Kama koili ziko sawa na mota inalia kwa sauti nyembamba kisha inakwama ikienda kasi, hapo sasa tunaingia kwenye namba. Punguza mchapuko kwenye mipangilio ya GRBL iitwayo $120, $121 na $122, halafu kasi ya juu kwenye $110 hadi $112. Na kabla hujapunguza chochote, kaza skrubu ndogo inayobana kiunganishi kwenye shafti ya mota. Skrubu hiyo ikilegea, mota inazunguka vizuri, ila mhimili hauendi nayo, na hakuna namba kwenye GRBL itakayoliona hilo.

Hesabu ya hatua

Ukiandika $$ kwenye programu unayotumia kutuma kazi na kubonyeza Enter, GRBL inakuonyesha mipangilio yake yote. $100, $101 na $102 ni hatua kwa kila milimita ya X, Y na Z. Namba hii ihesabu, usiitafute kwa kujaribu. Mota ya kawaida ina hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Jampa tatu (viunganishi vidogo vya kuchomeka) zilizo chini ya draiva zinagawa kila hatua: zikiwa zote tatu zimewekwa, A4988 inagawa kwa 16. Kwa hiyo mzunguko mmoja ni hatua 3,200. Ikiwa skrubu ndefu ya mhimili ni T8 inayosogea milimita 8 kwa mzunguko, 3,200 gawa kwa 8 ni 400. Ikiwa ni mkanda wa GT2 na puli ya meno 20, mzunguko mmoja ni milimita 40, na jibu ni 80.

Sasa chukua mashine hiyohiyo ya 400, toa A4988, weka DRV8825, usiguse kitu kingine. Amuru milimita 100, pima kwa rula: imekwenda 50. Jampa zilezile tatu kwenye DRV8825 zinagawa kwa 32, si 16. Mzunguko umekuwa hatua 6,400, na $100 inapaswa kuwa 800. Mashine haina ugonjwa, imefanya ulichoiambia.

Namba hiyo ina gharama yake pia. GRBL ikiwa na mapigo 30,000 kwa sekunde, kwa hatua 400 kila milimita unaweza kufika milimita 75 kwa sekunde, yaani 4,500 kwa dakika. Kwa 800 unakomea 2,250. Ndiyo maana siwashauri watu wa skrubu za T8 kukimbilia mgawanyo wa 32. Haukuongezei usahihi utakaouona kwenye mninga au plaiwudi, na unakula nusu ya kasi.

Kuna kanuni maarufu ya kusahihisha: namba ya zamani mara umbali ulioamuru gawa kwa umbali uliopima. Ni sahihi kwa mkanda. Kwa skrubu, nakusihi uwe mwangalifu. Ukiamuru 100 ukapata 99.7, kwanza uangalie kama kuna mchezo kwenye nati ya skrubu: sogeza mhimili kwenda, kisha urudishe, uone kama unachelewa kuanza. Ukiufunika mchezo huo kwa kuchezea $100, kazi ndefu zitatoka ndefu kupita kiasi na duara bado halitakuwa duara.

ALARM inapotokea pasipo kitu

Malalamiko mengine makubwa ni mashine inayosimama katikati ya kazi na kuandika ALARM:1, maana yake swichi ya ukomo imeguswa, ilhali mhimili uko mbali kabisa na swichi. Kinachotokea ni kwamba pini za swichi zinashikiliwa kwenye volti ya juu na rizista dhaifu iliyo ndani ya chipu, na waya mrefu unaopita kando ya waya za mota unaokota kelele za umeme kama antena. Mota ya kukatia yenye brashi ndiyo mchokozi mkuu.

Uiulize bodi inaona nini. Tuma alama ya ? tu, na GRBL itakujibu mstari mfupi wenye hali na mahali ilipo. Ukiona Pn:X kwenye mstari huo, inaamini swichi ya X imebonyezwa sasa hivi. Bonyeza swichi kwa kidole, tuma ? tena, achia, tuma tena. Kwa dakika moja utajua kama swichi inafanya kazi, kama waya umekatika, na kama $5, mpangilio wa namna swichi zinavyosomwa, imegeuzwa kinyume.

Dawa yake ni ya vifaa. Weka kapasita ya mikrofaradi 0.1 kati ya pini ya swichi na GND, karibu na bodi. Weka nyingine ya seramiki kwenye miguu ya mota ya brashi. Tenganisha nyaya za swichi na za mota. Halafu tumia swichi zinazofunga zikiwa hazijaguswa, na uweke $5=1: kelele zinapata shida kuipita njia iliyounganishwa moja kwa moja na GND, na waya ukikatika mashine inasimama badala ya kugonga. Kuzima $21 (mpangilio wa kusimamisha mashine swichi ikiguswa) ili ALARM inyamaze ni kuondoa ulinzi na kuacha ugonjwa.

Kuna mtego mmoja wa Z. CNC Shield toleo la 3 ilichorwa wakati wa GRBL za zamani. Tangu toleo la 0.9, pini ya D11 inatumika kudhibiti nguvu ya mota ya kukatia au leza, kwa sababu ndiyo inayoweza kutoa mapigo ya PWM, na swichi ya Z imehamia D12. Maandishi kwenye Shield hayakubadilika. Kwa hiyo swichi ya Z ichomeke palipoandikwa SpnEn, na waya wa leza uende palipoandikwa Z+ au Z-. Anayefuata maandishi hupata ALARM:9 kila akituma $H (amri ya kuzitafuta swichi), maana mashine inaitafuta swichi ya Z mahali ambapo haipo.

Wa leza, weka $32=1 (hali ya leza), na uhakikishe $30 (kiwango cha juu cha nguvu) inalingana na kiwango cha juu cha S, namba ya nguvu, kwenye programu unayotumia kutuma kazi. $30 ikiwa 1000 na programu inatuma hadi 255, leza inatoa kama robo ya nguvu na utadhani imechakaa. Tumia amri ya M4 badala ya M3 kuwasha leza, ili nguvu ipungue mashine inapopunguza mwendo kwenye kona na mbao isiungue. Na miwani iwe ya urefu wa wimbi la leza yako. Ya jua haikulindi.

Mashine ikishakaa sawa, nakili majibu yote ya $$ kwenye faili la maandishi, pamoja na Vref ya kila draiva na mpangilio wa jampa. GRBL inahifadhi namba zake kwenye kumbukumbu ya EEPROM hata umeme ukikatika, lakini amri moja ya $RST=$ inazirudisha zote za mwanzo, na draiva ikiungua hakuna mahali pengine Vref yake iliandikwa.