Jointi za Ukuta wa Bustani Kwenye Udongo wa Mbuga

Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Shinyanga na Simiyu au wa Embakasi na Athi River, huvimba masika na kusinyaa kiangazi. Msingi wa ukuta wa bustani kwa kawaida hauendi chini sana, hivyo ukuta hupanda na kushuka pamoja na udongo. Dalili yake ni ufa unaopanda kama ngazi ukifuata jointi, yaani mistari ya mota kati ya tofali na tofali (mota ni mchanganyiko wa saruji, mchanga na maji unaoyashikanisha).

Ufa huo ukipita kwenye mota, shukuru. Jointi inazibika, tofali lililokatika halirudi. Ndiyo maana mota inatakiwa iwe dhaifu kuliko tofali. Kosa tunalolikuta mara nyingi ni kuziba ufa kwa saruji kali, ndoo 1 kwa 3 za mchanga. Haikubali kucheza hata kidogo, na msimu unaofuata ufa unahamia kwenye tofali. Changanya saruji ndoo 1, chokaa ya ujenzi ndoo 1 na mchanga wa mto uliochekechwa ndoo 6. Usitumie mchanga wa pwani wenye chumvi.

Usizibe mwishoni mwa kiangazi, ufa ukiwa wazi kabisa. Mvua ikirudi udongo unavimba, ufa unataka kujifunga, lakini mota imeujaza. Ukuta unasukumana wenyewe na kupinda. Subiri wiki chache baada ya masika, udongo ukiwa na unyevu bila kutuama maji. Kabla ya hapo, weka alama za penseli pande zote mbili za ufa, pima na uandike tarehe kila mwezi. Ufa unaozidi kupanuka mwaka mzima, au timazi (uzi wenye uzito wa kupimia wima) ikionyesha ukuta umeinama, ni tatizo la msingi. Hapo mwite mhandisi, usishike mwiko.

Kwa patasi nyembamba na nyundo, chimbua mota ya zamani kina cha milimita 20 hadi 25. Fagia vumbi lote, kisha lowesha, maji yasitiririke. Tofali kavu hufyonza maji ya mota, ikabaki unga. Shindilia mota kwa tabaka za kama milimita 10, ukisubiri kila moja ikaze kidogo. Laini uso pale kidole gumba kinapoacha alama hafifu tu. Funika kwa magunia mabichi siku 3 au zaidi. Mota iliyokaa karaini zaidi ya saa 2 itupwe. Kuiongezea maji hakuifufui.

Ukuta mrefu wa bloku uachiwe mwanya wa kuuruhusu kucheza, wa milimita 10 hadi 12 kila mita 6, kuanzia msingi hadi juu, uliojazwa silikoni ya nje. Mafundi wengi huuziba kwa mota ili upendeze, na ukuta hujipasulia mwanya mwingine popote unapotaka.

Maji ya paa yapelekwe mbali na ukuta, bomba la kumwagilia lisivuje mguuni pake, na mkalitusi usipandwe karibu: mizizi yake hukausha udongo upande mmoja tu, na upande huo ndio unaotitia.