Shati, sketi na koti zilikotoka

Shati na sketi ni ndugu wa tumbo moja. Kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, wenyeji walikuwa na neno "scyrte", yaani vazi fupi. Waskandinavia waliolowea kaskazini na mashariki ya nchi walikuja na lao, "skyrta", wakimaanisha shati. Maneno hayo yakakaa pamoja mpaka yakagawana mwili: moja likabaki kifuani, jingine likateremka kiunoni. Sisi tumeyapokea yote mawili.

Neno linalonivutia zaidi ni "kirtle", jina la vazi la kale la Uingereza. Asili yake ni "cyrtel", nalo linarudi kwenye neno la Kilatini lenye maana ya "fupi". Mwanzoni lilikuwa vazi la mwanamume linalokomea magotini. Lakini kufikia karne ya 14, kirtle ya mwanamke ilikuwa gauni lililobana kiwiliwili na kushuka hadi miguuni. Jina linasema fupi, pindo linafagia sakafu! Kwa hiyo ukikutana na neno hilo katika hati ya kale, uliza kwanza: hii ni karne gani, na aliyevaa ni nani?

Nguo zilivaliwa moja juu ya nyingine. Iliyogusa ngozi ilikuwa ya kitani, kwa sababu kitani hufulika kwa urahisi. Kwa mwanamke iliitwa "smock", au kwa Kifaransa "chemise", ambayo ndiyo shimizi yetu. Juu yake ilikuja kirtle au "cote" ya sufu. Koti letu limetokana na hiyo cote, ingawa wakati ule haikuwa lazima iwe nguo ya nje kabisa: juu yake mtu aliweza kuongeza "surcote", na "sur" kwa Kifaransa ni "juu ya". Mabibi wa nasaba walivaa surcote iliyokatwa ubavuni, tundu la mkono likishuka hadi nyonga, na hapo kirtle ya ndani ikaonekana kila alipogeuka.

Aproni nayo ina kisa chake. Ilikuwa "napron", kutoka neno la Kifaransa la kitambaa kidogo cha meza. Watu waliposema "a napron" kwa haraka, sikio likasikia "an apron", n ikahamia neno la jirani na haikurudi tena. Ndiyo maana mpishi wetu hafungi naproni.